Mstari uko chini kwa sababu sisi tuko gizani: maneno yetu kwa vijana wa Panda

  Maneno haya tuliyasema Jumamosi mu lupango moja hapa Panda. Mafuta ya grupu yaliisha katikati, kwa hiyo nusu ya pili tuliisoma na mwanga wa telefone. Tunayaweka hapa sawa vile tulivyoyasema.

Yote ilianza na mmoja wetu. Ana lisansi ya jeolojia, na tangu amalize hajapata kazi, sawasawa na wengi wetu hapa. Alikuwa anatafuta ku intaneti mambo ya kazi, akaangukia tablo moja yenye kuonyesha nchi zote za dunia na gesi ya metani inayotoka mu sekta ya umeme, mwaka kwa mwaka tangu 1970. Akatafuta Kongo. Mstari wa Kongo umelala chini kabisa, karibu na sifuri, miaka hamsini na zaidi, hauinuki. Akatutumia picha na maneno haya: “Wandugu, tuko wasafi kupita Wazungu.”

Tulicheka. Kiisha tukaacha kucheka, kwa sababu usiku ule Panda yote ilikuwa giza, na kila lupango kulikuwa mbabula inawaka inje.

Tuanze na metani yenyewe, maana si wote wamesoma kemia. Metani ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Inatoka pale kitu kinaoza bila kupata hewa: mu matope ya kinamasi, ku lundo la takataka, mu tumbo la ngombe. Inatoka tena mu mashimo ya makaa ya mawe na mu visima vya petroli, na pale miti inaungua vibaya. Gesi ile ya kaboni wanayoisema kila siku inakaa hewani miaka mingi sana. Metani inakaa karibu miaka 12 tu, lakini mu muda ule inashika joto kwa nguvu ya ajabu: ukihesabu miaka 100, tani moja ya metani inapita tani moja ya gesi ya kaboni karibu mara 28, na ukihesabu miaka 20, inapita karibu mara 80. Njo maana ku mkutano wa Glasgow, Novemba 2021, zaidi ya nchi 100 ziliahidi kwamba kufika 2030 metani ya dunia ipunguzwe kwa 30 kwa 100, ukilinganisha na 2020. Ukipunguza metani leo, matunda yake yanaonekana wewe ukiwa bado hai. Kwa kijana hiyo si maneno ya vitabu.

Sasa, juu ya nini mstari wetu umelala?

Jibu la kwanza ni rahisi. Ile tablo inahesabu mafuta, makaa ya mawe na gesi vinavyochomwa ndani ya mitambo ya umeme. Na umeme wa Kongo, karibu wote, ni wa maji. Inga I ya 1972, Inga II ya 1982, Nseke na Nzilo kule Lualaba, Koni na Mwadingusha huku kwetu ku Lufira. Hauchomi kitu, hauandikiwi kitu. Hapo hakuna uongo.

Jibu la pili wakubwa hawalisemi wakiwa Kinshasa ao ku mikutano ya hali ya hewa, pale wanaita Kongo “nchi-suluhisho”. Mstari uko chini kwa sababu watu hawana umeme. Mu nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, wenye kupata umeme ni kama 20 kwa 100. Nchi yenye maji ya kutosha kutoa megawati 100,000 ina mitambo ya karibu megawati 3,000 tu, na yote haizunguki siku moja. Ukimfunga mtu kinywa, utasema hapigi kelele?

Na angalieni historia yetu wenyewe. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika 1994 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Viwanda vya electrolysis vinakula umeme mwingi sana, na kazi yake ilianguka. Mtu wa Genève mwenye kuangalia karatasi ataona nchi inayotumia umeme kidogo na kuchafua hewa kidogo. Sisi tunajua kitu gani kilitokea hapa: wazee waliobaki nyumbani, wamama walioanza kulima kando ya reli, watoto walioacha masomo. Kiisha, kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa ile programu ya “kuondoka kwa mapenzi”. Hakuna tablo ya hali ya hewa yenye safu ya wale watu.

Leo shaba imerudi. Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Umeme uko wapi? Nyaya kubwa zinapita juu ya vichwa vyetu, tunaziona, tunasikia vile zinalia wakati wa mvua. Laini ya Inga inakuja kutoka Kongo Central mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, inapita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuona ampule. Mwadingusha ilitengenezwa upya, mashine zake 6 zikarudi ku kazi 2021 na megawati 78, makuta yalitoka ku mgodi mkubwa wa Kolwezi, na mgodi ule njo unahesabiwa wa kwanza ku umeme ule. Hatusemi kutengeneza ilikuwa vibaya. Tunasema kijana wa Panda mwenye kutaka kuanzisha saluni ya kunyoa ao kashine ka kusaga unga, anaanguka kwa sababu umeme unakuja saa nane ya usiku na kuondoka saa kumi na moja.

Tufike sasa ku makala, maana hapa njo pa maana kuliko pengine pote.

Mama anaporudi sokoni, saa kumi na mbili ya magaribi, anaweka sufuria ku resho. Umeme unakatika. Bukari haitangoja delestaje iishe. Anawasha mbabula. Kila nyumba inafanya hivyo, usiku huo huo, barabara kwa barabara. Kwa hiyo umeme usiokuja haupotei bure: unageuka makala. Na makala yanatoka wapi? Yanatoka mu pori la miombo, kila mwaka mbali zaidi. Zamani wachomaji walikuwa karibu na mji. Leo wanaume wanasukuma kinga usiku kucha, saki zimepanda kupita kichwa, kusudi wafike asubuhi.

Ninyi mliokwenda kuona tanuru ya makala munajua. Unakata miti, unaipanga, unaifunika na majani na udongo, unawasha, kiisha unaacha katundu kadogo tu. Kazi yote ni kuukatalia moto hewa. Moto ukipata hewa, unakula miti yote na wewe unabaki na majivu. Moto ukinyimwa hewa, miti inageuka makala, na kile kisichoungua kinatoka na moshi: metani, na ile gesi nyingine yenye kuua watu wanaolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Mu tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 100 za miti kavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 hivi za makala. Inayobaki imekwenda hewani. Kiisha makala yenyewe, mu mbabula, yanatoa tena metani kidogo, na kikohozi kwa mama.

Metani ile inaandikwa wapi? Inaandikwa, lakini mu safu nyingine. Kuko safu ya “kuni na makala”, kuko safu ya “nyumba za watu”, na kuko safu ya “umeme”. Waziri anapokwenda ku mkutano, anashika safu ya umeme, anaonyesha: tuko wasafi. Safu ya makala anaiweka mu koti. Na akiulizwa juu ya makala anasema ni kosa la watu wa chini wenye kukata miti. Lakini safu zile mbili ni kitu kimoja! Ni sufuria ile ile, bukari ile ile, mama yule yule. Mu Kongo, wenye kupika na nishati safi ni wachache sana, karibu 5 kwa 100. Wengine wote tunapika na miti.

Na hapa tuseme wazi kusudi mtu asitusikie vibaya. Hatukuja kushitaki wamama wa makala. Tuko wengi hapa ambao minerval yetu ililipwa na makala, fungu kwa fungu, mpaka chuo kikuu. Yule mwanaume mwenye kusukuma kinga, wengine ni wanafunzi wenzetu wa sekondari. Ukimfukuza ku barabara na bunduki, sawa vile inafanyika pengine, huku resho yake iko baridi, umefanya nini? Umemwongezea njaa, na miti itakatwa usiku.

Kitu cha pili ambacho tablo haikioni ni ziwa letu.

Mwadingusha ilijengwa miaka ya mwisho ya 1920 na kumalizika 1930, wakati mji wetu ulikuwa wa Union Minière. Lufira ilifungwa, maji yakatandaa juu ya bonde, likazaliwa lile ziwa tunaloita Tshangalele. Si refu kwenda chini. Mahali pengi mvuvi anasukuma mtumbwi na mti. Lina matete na mafunjo, lina matope yenye joto, na kila masika linapokea majani na udongo mpya, pamoja na ule uchafu wa viwanda unaoshuka na mito yetu, lakini ile ni habari ya siku nyingine na tutaitolea maneno yake.

Ziwa la namna hii ni kiwanda cha metani. Majani yanaoza chini bila hewa, gesi inatengenezwa mu matope. Mu ziwa refu, vidudu vidogo vinaikula njiani mbele haijafika juu. Mu maji mafupi, povu linapanda mara moja na kupasuka. Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Kapolowe alituambia: “Mapovu? Ninyi vijana mumesoma miaka yote ile kusudi mukuje kuniuliza mapovu? Asubuhi, wakati maji yametulia, yanapanda paka yenyewe.”

Mapovu yale hayaandikwi ku safu ya umeme. Kwa sheria za hesabu za dunia, metani ya mabwawa inawekwa upande wa ardhi iliyofunikwa na maji. Kwa hiyo ampule ya Mwadingusha inaonekana safi, na ziwa lililozaliwa kwa ajili ya ampule ile linakaa mu kitabu kingine. Inga ni tofauti, maana kule maji hayakukusanywa mu ziwa kubwa, mto unapita na nguvu zake. Ndiyo maana tunakataa mtu akisema “umeme wa maji” kama vile ni kitu kimoja. Kuko maji na maji.

Tusidanganye pia. Sehemu ya bonde lile ilikuwa kinamasi hata mbele ya bwawa, na kinamasi kinatoa metani bila kuomba ruhusa ya mtu. Bwawa linahesabiwa kwa kile lilichoongeza tu. Na bwawa la zamani linatoa kidogo kuliko bwawa jipya, ambalo miti iliyozama bado inaoza. Hatutaki Mwadingusha ibomolewe, Mungu apishe. Tunataka ipimwe. Kipimo chenyewe si kitu cha ajabu: unageuza kitu sawa na faneli kubwa chini ya maji, mapovu yanakusanyika mu chupa, unapeleka chupa ku labo. Vijana wenye lisansi ya kemia, ya jeolojia na ya kilimo wako hapa, wamekaa ku ukuta, wanacheza dame. Wapeni mtumbwi na chupa.

Kitu cha tatu tutakipita mbio. Makampuni ya madini, umeme ukipungua, yananunua inje, kwa njia ya Zambia. Zambia wana maji ya Kariba, lakini wana pia mtambo wa makaa ya mawe kule Maamba, megawati 300, na mu muungano wa nyaya za kusini Afrika ya Kusini bado inachoma makaa ya mawe kwa wingi. Ukame wa 2024 uliposhusha maji ya Kariba, Lusaka wenyewe walikaa gizani. Metani ya mashimo ya makaa ya mawe inaandikwa ku nchi ya wale wenye shimo, na shaba inaandikwa ku sisi. Na magrupu ya dizeli, kila mgodi, kila hoteli, kila kanisa kubwa: ile inasikika na masikio, haina haja ya tablo.

Wandugu wa Goma na Bukavu, hatuwasahau. Tunajua tangu Januari na Februari 2025 muna mengine ya kuwaza. Lakini hatuwezi kusema metani na umeme mu Kongo bila kutaja Kivu. Chini ya ziwa lile kuko karibu kilomita za ujazo 60 za metani, na gesi ya kaboni mara tano ya ile. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaitoa metani ile na kuigeuza umeme, megawati 26, tangu karibu miaka kumi. Upande wetu, Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 3 vya gesi, pamoja na vile 27 vya petroli. Watu walipiga kelele juu ya petroli na walikuwa na haki. Gesi ya Kivu tunaiona kwa jicho lingine: metani ukiichoma vizuri inageuka gesi ya kaboni, yenye nguvu ndogo ya joto kuliko metani ikitoka mbichi, na kuipunguza taratibu kunaweza kupunguza hatari kwa watu wa kando ya ziwa. Mwaka wa 1986 ziwa Nyos kule Kamerun lilitapika gesi usiku mmoja, watu karibu 1,700 wakafa. Lakini mabomba yakivuja, faida yote inapotea. Ni nani atachunguza mabomba? Kwa makaratasi ya nani?

Kuko wenye kutuuliza: “Tuko na njaa, ninyi munatuletea mambo ya metani?” Swali ni la haki, na aliyeliuliza Jumamosi alipigiwa mikono. Jibu letu ni hili. Wenye kugawanya makuta ya hali ya hewa wanaangalia pia hesabu za namna hii. Ukisema mstari wako ni sifuri, umesema huna kitu cha kutengeneza. Mradi wa kuleta umeme Panda utaonekana kama maendeleo tu, ungoje zamu yako. Ukionyesha kwamba kila saa ya delestaje inachoma makala, na makala yale yanatoa metani, hapo kabina mpya ya umeme mu kartie yetu ni kazi ya hali ya hewa sawasawa na kupanda miti. Na pale mbabula zenye kula makala kidogo zinagawanywa kwa watu na “kredi ya kaboni” inauzwa inje, tuulize: imeuzwa bei gani, na sehemu gani imerudi ku mwenye sufuria?

Kwa hiyo tunaomba, na tumeandika barua ku manispaa ya Panda, ku meya wa Likasi na ku jimbo. Tunataka saa za umeme za kila kartie zibandikwe wazi kila mwezi: zile zilizoahidiwa na zile zilizotolewa. Tunataka mu mpango wa taifa wa hali ya hewa umeme na makala vihesabiwe pamoja, ku ukurasa mmoja. Tunataka ziwa la Lufira lipimwe, na hesabu itangazwe mu Kiswahili, si mu Kifaransa cha ofisi tu. Na tunataka umeme wa bwawa lililofunika bonde la watu wetu uwe na sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za watu, kabla ya kusaini mkataba mwingine na mgodi mwingine.

Barua bila hesabu wanaitia ku kapu, tunawajua. Kwa hiyo kazi inaanza na sisi. Kwa siku 30, kila barabara itakuwa na kijana mmoja mwenye daftari. Ataandika saa umeme ulipoondoka na saa uliporudi. Mu nyumba 5 zilizokubali, ataandika walipika na nini siku ile, na makala mafungu mangapi. Majina ya watu musiandike, namba ya nyumba inatosha. Musidanganye kusudi hesabu iwe kubwa. Siku ambayo umeme ulikaa, andikeni ulikaa. Wamama wakiuliza ni kazi ya nani, waambieni ukweli, na mukikuta mama anapepea mbabula, mumsaidie kwanza.

Daftari ziko 12 pale mezani, chini ya lile jiwe. Barabara za upande wa reli bado hazina mtu. Kalamu ni za kuazima.